Uzi wa sweta kwa vitoto vya gapi

Mwenye gapi nyumbani, wale samaki wadogo wa kufugwa tangini, jike akishatuna na lile doa jeusi la nyuma ya tumbo likikoza, mtilie tangini kishada cha uzi wa akriliki wa kufumia sweta. Kata nyuzi nyingi za urefu wa shibiri, zifunge pamoja kwenye kipande cha kizibo ili kielee, nazo zishuke zimetawanyika. Gapi hatagi mayai. Huzaa vitoto vilivyo tayari kuogelea, na mama mwenyewe huvila akiwapata, sembuse wenziwe. Vitoto hukimbilia juu, wakajificha katikati ya nyuzi ambamo mkubwa hapenyi. Zifunue taratibu, utaona macho tu, meusi, mawili mawili. Naupenda uzi kuliko kile kisanduku cha kuzalia, maana jike aliyebanwa mahali padogo huhangaika sana.

Chemsha uzi kwanza, mpaka usitoe rangi tena. Usitumie pamba wala sufu halisi, zitaoza. Mbinu hii haifui dafu ikiwa kichujio hakina sponji mdomoni, kwani huvifyonza vitoto vyote. Nyuzi pia hunasa mabaki ya chakula. Zisuuze mara kwa mara kwa maji uliyoyatoa tangini, si ya bomba yenye klorini. Na nyinyi wa Kisauni na Likoni, kule Mombasa, wenye visima vya maji ya chokaa, msihangaike kuyalainisha: gapi huyastahimili vizuri, mradi chumvi isizidi.