Namna ya Kuandika Mapendekezo ya Ukomo wa Makato ya Teksi za Mtandao Zanzibar

Kikundi cha madereva kinachotaka kampuni za teksi za mtandao ziwekewe ukomo wa makato kijue kwanza kinamwandikia nani. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) inasimamia Tanzania Bara tu, na usafiri wa barabarani si jambo la Muungano. Kwa hiyo barua ya madereva wa Unguja na Pemba ielekezwe kwa wizara ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inayoshughulikia uchukuzi.

Hata hivyo, yaliyotokea Bara yatajwe, kwa kuwa wizara itayauliza. Mwaka 2022 LATRA iliweka ukomo wa kamisheni, yaani fungu ambalo kampuni hukata katika nauli, wa asilimia 15, kampuni ya Uber ikasitisha huduma zake nchini mwezi Aprili, kisha ikarejea mwanzoni mwa 2023 baada ya ukomo huo kupandishwa hadi asilimia 25. Kenya, katika kanuni zake za 2022, iliweka asilimia 18. Kwa maoni yangu, anayeomba asilimia 10 bila ya hesabu yoyote anajitafutia jibu la mstari mmoja.

Kuandika asilimia ni rahisi. Kazi iko katika kueleza asilimia hiyo inakatwa katika kiasi gani. Tuseme abiria amelipa shilingi 20,000 kutoka uwanja wa ndege hadi hotelini, na kampuni ikaigawa fedha hiyo kuwa nauli ya 17,000 na ada ya kuagizia gari ya 3,000. Kamisheni ya asilimia 15 ya nauli ni 2,550, lakini ukijumlisha na ada, kampuni imebaki na 5,550, yaani zaidi ya asilimia 27 ya alicholipa abiria, na kanuni haikuvunjwa. Kwa sababu hiyo andikeni wazi kwamba ukomo unahesabiwa kwa jumla ya malipo ya abiria, ada zote zikiwemo, na kwamba punguzo analopewa abiria na kampuni lisitoke katika fungu la dereva. Muongozo wa India wa 2020 ulipitia mlango wa pili: ulitaka dereva apate angalau asilimia 80 ya nauli, na sentensi ya namna hiyo ni ngumu zaidi kuikwepa.

Ushahidi uambatanishwe. Kusanyeni taarifa za safari kutoka kwenye simu za madereva kadhaa, za msimu wa watalii na za masika, mkificha majina na namba za abiria. Safari za Nungwi na Makunduchi zionyeshe pia kilomita za kurudi mtupu, maana hizo hazimo katika nauli ingawa petroli yake hulipwa na dereva. Kwa bei ya mafuta tumieni ile inayotangazwa na ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za maji na nishati Zanzibar, ili asiwepo wa kubishana nanyi juu yake.

Mwisho, ombeni vifungu vya utekelezaji: risiti ya kila safari imwonyeshe dereva alicholipa abiria na kilichokatwa, mabadiliko ya makato yatangazwe kabla ya kuanza kutumika, na malalamiko yapokelewe Unguja na Chake Chake, ili dereva wa Pemba asilazimike kupanda boti kufuatilia shilingi 3,000.