Kukata maneno ya Kiingereza mwishoni mwa mstari: pale sikio la Kiswahili linapotuponza

Wiki hii nilikuwa nasahihisha prufu za kijitabu cha wanafunzi, nikakutana na Septe-mber, nu-mber na wi-ndow ukurasa baada ya ukurasa. Aliyekata si mzembe. Amekata kama tunavyokata Kiswahili: nyu-mba, ki-ta-nda, ng'o-mbe. Kwetu silabi karibu zote huishia kwa irabu, na mb au nd haitenganishwi. Kiingereza kimejaa silabi funge, zinazoishia kwa konsonanti, na hapo ndipo tunapoteleza.

Hatua ya 1. Tamka neno kwa sauti, uhesabu irabu unazozisikia, si unazoziona. Strength ina herufi 8 na silabi 1 tu, kwa hiyo haikatwi kamwe. Stopped vilevile, maana irabu ya -ed haisikiki. Wanted ina silabi 2: want-ed.

Hatua ya 2. Konsonanti mbili zikikutana kati ya irabu, mara nyingi kata baina yake: num-ber, win-dow, Sep-tem-ber. Herufi mbili zinazotoa sauti moja ziache pamoja: fa-ther, or-phan.

Kwenye ng, sikio letu linatusaidia sana. Tamka singer, kisha finger. La kwanza lina ng' ya ng'ombe, la pili lina ng ya ngoma. Kiingereza huziandika sawasawa, lakini sisi tumezitofautisha tangu tulipoanza kusoma. Ukisikia ng', kata baada ya g: sing-er, hang-er. Ukisikia ng, kata katikati: fin-ger, hun-ger, an-ger. Wafundisheni watoto hili, wanalishika upesi.

Hatua ya 3. Tafuta shina: teach-er, pay-ment. Call ina l mbili tangu mwanzo, basi call-ing. Run ina n moja, ya pili imekuja na kiambishi, basi run-ning.

Hatua ya 4. Sikiliza mkazo. Record ikiwa nomino ni rec-ord, ikiwa kitenzi ni re-cord. Present nayo ni hivyohivyo: pres-ent, pre-sent.

Hatua ya 5. Usiache herufi moja peke yake. About ina silabi mbili lakini haikatwi. Kistari kifupi hukaa mwisho wa mstari wa juu, hakianzi mstari wa chini. Kisha soma kipande kilichobaki juu. Niliwahi kupanga kijitabu cha mahafali, legend ikakatwa leg-end. Kamusi inaruhusu, lakini msomaji aliona mguu kwanza. Sasa neno hilo nalishusha zima.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kamusi yangu moja ina knowl-edge, nyingine know-ledge. Nifuate ipi?

Jibu: Zote ni sahihi kwa wenyewe. Wamarekani hufuata matamshi, Waingereza kwa desturi hutazama zaidi neno lilivyoundwa. Chagua kamusi moja, na kazi nzima iifuate hiyo.

Swali: Kwani kompyuta haikati yenyewe?

Jibu: Inakata, ila iambie kwanza aya ni ya lugha gani. Programu ya TeX, ya kupanga kurasa za vitabu, hutumia ruwaza za herufi alizozitengeneza Frank Liang katika tasnifu yake ya Stanford, mwaka 1983. Ruwaza 4,447 zilipata takriban asilimia 89 ya mahali pa kukatia katika orodha ya maneno ya kamusi. Lakini programu haijui nomino na kitenzi, ndiyo maana present na project zimewekwa kando, zisikatwe kabisa. Macho yako bado yanahitajika, ndugu yangu.

Swali: Na majina yetu yakiwa ndani ya aya ya Kiingereza?

Jibu: Jina la mtu liache zima kadiri uwezavyo. La mahali, likate kwa Kiswahili chake. Ukifuata kanuni ya Kiingereza utapata Kiliman-jaro, nj imepasuliwa. Andika Kilima-njaro. Katika Word, weka kishale kabla ya nj, bonyeza Ctrl pamoja na kistari. Kistari hicho kitaonekana tu neno likifika mwisho wa mstari.