Jinsi ya kuapdeti laptopu bila kumpigia fundi usiku

Kale kaujumbe unakajua, kanachomoza pale kwenye kona wakati una kazi ya watu mkononi, "toleo jipya liko tayari, lina maboresho mbalimbali". Maboresho gani hawasemi, unakuja kugundua mwenyewe kwamba kitufe ulichozoea kimehamishwa, ndo maboresho hayo. Ila kukwepa milele huwezi, mengine yanaziba matundu ya wezi kweli (hilo nakubali, roho upande), kwa hiyo fanya hivi.

Kwanza acha kiherehere. Waache wenzio watangulie wiki mbili hivi, we kaa pembeni usikilize kama kuna anayelia. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024 CrowdStrike, ambao kazi yao ni kulinda kompyuta za watu, walituma kifaili kimoja saa 1:09 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, wakashtuka wakakiondoa saa 2:27. Saa moja na robo tu na ushee, lakini mashine za Windows kama milioni 8.5 zilishalala kwenye skrini ya bluu, ndege zimekaa chini, hospitali zingine wamerudi kwenye karatasi na peni. Na kosa lenyewe sasa! Programu ilikuwa imeandaliwa vitu 20, faili likaja linaulizia cha 21, cha 21 hakipo, kwisha habari. Halafu nyingi hazikuweza kufufuliwa kwa mbali, ilibidi mtu aifuate mashine moja moja, aiwashe kwa safe mode (inawaka na vile vya lazima tu), afute lile faili kwa mkono. Mlinzi kafunga geti, wenye nyumba wako nje na kandambili.

Pili, kopi vitu vyako kwenye diski ya nje kisha ICHOMOE, usiiache inaning'inia hapo. Oktoba 2018 Microsoft walitoa apdeti ya Windows 10, baadhi ya watu kuwasha wakakuta picha na nyaraka zao hazipo, ikabidi waisimamishe mpaka Novemba. Sijui mtu anaambiwaje kwamba picha za harusi zimeboreshwa.

Bando nalo. Laptopu ikiona hotspoti ya simu yako inajua ni waifai ya shemeji, inashusha tu. Ingia Settings, Network & internet, fungua huo mtandao wako, washa palipoandikwa Metered connection, itatulia, sio asilimia mia ila itatulia. Ukitaka kupumua zaidi nenda Windows Update, kuna sehemu ya kusimamisha mpaka wiki tano.

Umeme sina haja ya kukuhubiria, chaji ijae na waya uwe umechomekwa, na kama ni kompyuta ya mezani haina UPS (lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika) na mawingu yameshatanda, aisee acha, kesho ipo.

Printa ndo usiguse kabisa. Mimi nina kasteshenari, printa yangu (kampuni siitaji) ilikuwa inakunywa wino wa kujazia kwa sindano miaka miwili bila tatizo lolote, siku moja ikaniomba apdeti ya "usalama" nami nikabonyeza ndiyo kama mtoto mwenye adabu. Ikawaka, inasema katriji sio halisi. Mbele yangu kuna kijana kavaa tai, anataka CV kopi sita na usaili wake saa nne, anaangalia saa, ananiangalia mimi, mimi naiangalia printa. Nikachomoa katriji nikapuliza nikarudisha, si halisi. Usalama wa nani jamani, wa wino? Kijana alikimbilia duka la jirani na hajawahi kurudi kwangu. Ingia kwenye setingi za printa uzime apdeti za kujiendesha leo hii hii.

Sasa umeshaapdeti toleo kubwa na mambo yameharibika, usipaniki, nenda Settings, System, Recovery, bonyeza Go back, inarudi ilikokuwa. Ila wamekupa siku 10 tu, na folda inaitwa Windows.old ndo imebeba kila kitu, hata ikila GB 20 usiifute kwa tamaa ya nafasi ya kuweka muvi. Siku ya 11 kitufe hakibonyezeki, hapo mpigie tu fundi, ila mwambie ukweli kwamba ulibonyeza mwenyewe, maana "nimekuta tu hivi" kashaisikia mara tatu tangu asubuhi.