Piza kwenye oveni ndogo ya mezani

Oveni yangu ni ya lita 30, inakaa kando ya friji, na kwa muda mrefu ilinisumbua kwa jambo moja: jibini inaungua juu, unga katikati bado mbichi. Dawa yake ni trei. Ifudikize, iweke reli ya chini kabisa, washa moto wa juu na wa chini nyuzi 230, uiache dakika 25 nzima. Taa ikizimika mapema usiharakishe; hewa imepata moto, chuma bado.

Unga ukande kwa hamira, uwe laini kuliko wa chapati, uumuke saa moja.

Nyanya zipike mpaka zikauke na mafuta yaelee. Hapa msifanye haraka jamani, rojo la majimaji ndilo linaloilowesha piza.

Nyunyiza sembe kwenye kibao, tandaza unga mwembamba juu yake, paka nyanya, weka jibini kiasi, kisha itelezeshe juu ya trei ya moto. Utasikia inachachatika. Baada ya dakika 10 inua ukingo kwa kisu: ukiona madoa ya kahawia kama ya chapati, itoe.