Ushauri wa Lishe kwa Lehemu Marekani: Ipigie Bima Simu Kwanza

Daktari wa Marekani akikuta lehemu (kolesteroli) mbaya, yaani LDL, imepanda, atakupa rufaa kwa mtaalamu wa lishe nawe utapanga miadi. Hayo hayana ugumu. Ugumu uko kwenye malipo, na hapo ndipo nilipoumizwa.

Kliniki niliyoelekezwa ilinihakikishia kwa simu kwamba inapokea bima yangu. Nyumbani tumezoea kwamba hospitali ikishapokea kadi, mengine wanamalizana wenyewe. Huku kauli hiyo huweza kumaanisha tu kwamba watatuma madai, hata kama hawana mkataba na kampuni ya bima, na kitakachokataliwa utadaiwa wewe. Baadaye niliandikiwa ankara ya kikao kizima. Kwa hiyo piga simu kwa bima yenyewe kabla ya kikao cha kwanza. Uliza kama mtaalamu huyo, kwa jina lake na si kwa jina la kliniki tu, yumo katika mtandao wao, yaani orodha ya watoa huduma wenye mkataba nao. Kama ushauri wa lishe unalipwa kwa msimbo wa ugonjwa ulioandikwa kwenye rufaa, kwa mfano E78.5 wa mafuta mengi katika damu. Na ni vikao vingapi kwa mwaka. Andika tarehe, jina la aliyekujibu na namba ya kumbukumbu ya simu. Narudia: ahadi ya kliniki haiifungi bima.

Walio na wazazi wenye Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, wasijitie matumaini, kwani mpango huo hulipia tiba ya lishe kwa wenye kisukari, wenye ugonjwa wa figo na waliopandikizwa figo ndani ya miezi 36 iliyopita. Lehemu peke yake haitoshi. Inasikitisha kwamba jamii yenye utajiri huu hungoja mtu augue zaidi ndipo imlipie mazungumzo kuhusu chakula.

Mchague mwenye herufi RD au RDN baada ya jina, yaani mtaalamu wa lishe aliyesajiliwa, kisha mweleze mapishi yako kwa vipimo, maana huenda hajui tui zito wala samli. Chama cha Moyo cha Marekani kinashauri mwenye haja ya kushusha LDL apate chini ya asilimia 6 ya kalori zake kutoka mafuta yaliyoshiba (saturated fat), takriban gramu 13 kwa anayekula kalori 2,000, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya nazi kina karibu gramu 12. Maharage, kunde na choroko, kwa upande wao, vina nyuzinyuzi zinazosaidia kushusha LDL. Shangazi anayekutumia ujumbe kwamba ndimu itayeyusha mafuta na kwamba uache vidonge anakutakia heri. Mshukuru, umwombe kwa upole asikushauri kuhusu dawa.

Ankara ikija, usiharakishe kulipa kwa hofu. Itake kliniki ikague msimbo na kutuma madai upya ikiwa ulikosewa. Bima binafsi ikikataa bado, kwa kawaida una siku 180 tangu upokee taarifa ya kukataliwa kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, na likishindwa, unaweza kuomba mapitio ya mtu huru asiye wa kampuni hiyo.