Somo: Bushi (pete ya kubebea mhimili unaozunguka) ya Tefloni na bronzi kwa presi na tanuri

Tefloni haiyeyushwi ikamiminwa. Hata ikivuka nyuzi 327 haitiririki, inasimama na umbo lake. Ndiyo maana unga hugandamizwa ukiwa baridi, kisha huokwa. Zingatieni sana presi, kwa sababu tanuri haliondoi hewa mliyoiacha ndani.

1. Unga. Tumia uliokwisha kuchanganywa kiwandani, bronzi asilimia 60 kwa uzito. Ulaze usiku kucha kwenye chumba cha nyuzi 23 hadi 25. Chini ya nyuzi 19 fuwele zake hujipanga vingine na unga haushikani vizuri. Chekecha madonge yaishe.

2. Presi. Jaza kalibu kwa usawa, usishindilie kwa kidole. Shusha pistoni taratibu hewa ipate njia, hadi shinikizo la megapaskali 50. Kwa kalibu ya duara yenye kipenyo cha milimita 50, hiyo ni kama tani 10, kwa hiyo presi ya gereji ya tani 20 inatosha. Shikilia dakika chache, achia taratibu vilevile. Kipande kikitoka kibebe kwa viganja viwili. Kingo zake bado humeng'enyeka kama chaki.

3. Tanuri. Panda nyuzi 50 kwa saa, na kipande kinene pole zaidi, hadi 370. Usifike 400, maana hapo Tefloni inaanza kuvunjika kikemia na kutoa gesi za sumu. Wakati wa kushuka, punguza mwendo kati ya 320 na 300, fuwele zinapojijenga. Kikipoa kabisa, toboa na ukereze.

Moshi wa tanuri utolewe nje kwa bomba, mbali na banda la kuku, kwani mvuke huu unaua ndege. Na usivute sigara ukiwa na unga mikononi: unga ukiungua kwenye sigara, saa chache baadaye unapata homa na kutetemeka ukadhani ni malaria.

MASWALI

Swali: Yangu imepasuka katikati.
Jibu: Ama pistoni ilishuka au iliachiwa haraka, ama joto lilipanda kwa pupa. Anza kuchunguza presi.

Swali: Nasikia wengine hugandamiza unga kwa baruti. Nijaribu?
Jibu: Hapana kabisa. Hiyo ni kazi ya maabara zenye kibali. Wimbi la mshtuko hufikia gigapaskali (megapaskali elfu moja) kwa mikrosekunde, joto likazuka pale punje zinapogusana. Wimbi linalofuata, la shinikizo kuachia ghafla, huvuta kipande na mara nyingi hukipasua, hata kwa wataalamu.

Swali: Bronzi imebadilika rangi tanurini.
Jibu: Ni oksijeni ya hewani. Ikiwa ni juu tu, ikereze.