Somo: Kuchagua gemu ngumu ya mtandaoni bila kuuziwa ugumu wenyewe

Somo hili linawahusu wanachama wanaotafuta gemu za kuigiza wahusika zinazochezwa mtandaoni na maelfu ya watu kwa pamoja, na ambao wamechoshwa na zile zinazomshika mchezaji mkono kutoka leveli ya kwanza hadi ya mwisho bila kumtoa jasho. Wengine huuliza gemu ipi ni ngumu kweli, na wengine huuliza kwa nini gemu za bure zinawakamua. Mimi nayaona maswali hayo mawili kuwa ni moja, kwa sababu katika gemu nyingi za bure ugumu ndio bidhaa: kampuni inajenga ukuta, kisha inakuuzia ngazi. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zinazunguka kipimo kimoja, nacho ni kuuliza kwamba pale gemu inapokuwa ngumu, pesa inafanya kazi gani.

Hatua ya kwanza: Amua unatafuta ugumu wa aina gani

Wako wanaofurahia kumsoma adui na kumjibu kwa wakati, wako wanaotaka mchezo ambao kosa moja linawanyang'anya mali, na wako wanaopenda kupotea ndani ya mfumo mkubwa mpaka wauelewe. Anayetaka lile la kwanza atafute gemu zenye mapambano ya makundi, kama vile Final Fantasy XIV, ambayo baada ya kuanguka vibaya mwaka 2010 ilijengwa upya na kurudi mwaka 2013, na ambayo mapambano yake ya ngazi ya juu yanawataka watu wanane wakariri mpangilio mrefu wa mashambulizi, akikosea mmoja wote wanalala. Anayetaka lile la pili ana Albion Online, ambako ukiuawa katika maeneo ya hatari yanayoitwa mekundu na meusi mavazi na silaha zako hubaki kwa aliyekuua, au seva maalumu (kompyuta kuu zinazoendesha gemu) za World of Warcraft zilizofunguliwa mwaka 2023, ambako mhusika akifa amekufa. La tatu ni la EVE Online, gemu ya meli za angani iliyotengenezwa Iceland na kuanza mwaka 2003, ambayo wachezaji wake ndio wanaounda meli, wanaozisafirisha, wanaozipandishia bei na wanaozilipua.

Kurudia jambo lilelile mara elfu siuiti ugumu, ingawa gemu nyingi zimejengwa juu yake. Huo ni uvumilivu, na mara nyingi ndiyo sehemu inayopewa bei dukani.

Acha nitoe mfano mmoja kwa karibu. Katika Old School RuneScape kuna pango lenye mawimbi 63 ya maadui, na wimbi la mwisho ni bosi (adui mkuu) mmoja tu anayeitwa Jad. Akitaka kukupiga kwa uchawi hujiinua na kusimama kwa miguu ya nyuma. Akitaka kukupiga kwa mbali hukita miguu ya mbele chini kwa kishindo. Katika muda huo mfupi unatakiwa uwashe sala ya kinga inayolingana na shambulio, kwani pigo lake moja laweza kufikia 97 wakati uhai wa mchezaji aliyefika kileleni ni 99. Ukiuawa unatolewa nje, na ukitaka kurudi unaanza na wimbi la kwanza. Mwenye pesa anaweza kununua dhahabu kwa njia inayoruhusiwa na kuingia humo na silaha bora kuliko yako, lakini hakuna kitu dukani kitakachombonyezea sala. Huo ndio ugumu ninaousifu katika somo hili, na ndiyo maana vazi jekundu analotoka nalo mshindi halinunuliki wala haliuziki kati ya wachezaji.

Hatua ya pili: Tazama seva iko wapi na saa yake inakwendaje

Wenzetu wa Ulaya na Marekani huiruka hatua hii, lakini kwetu sisi tulio Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura ndiyo inayoamua mengi. Amri unayobonyeza husafiri hadi seva, ambayo kwa kawaida iko Ulaya, na kurudi. Safari hiyo mara nyingi huzidi milisekunde 100, na hakuna bando, hata liwe ghali namna gani, linaloweza kufupisha bahari. Kinachotofautiana ni namna gemu inavyohesabu muda. Seva ya Old School RuneScape hushughulikia amri kwa mapigo ya sekunde 0.6, na ya EVE kwa mapigo ya sekunde moja, hivyo mchezaji wa Arusha na wa London hukutana ndani ya pigo lilelile na ucheleweshaji wako unamezwa. Gemu inayodai ukwepe shoka katika sehemu ndogo ya sekunde haina huruma hiyo. Humo utakuwa unapigana na waya wa chini ya bahari kabla hujapigana na bosi. Albion ilifungua seva ya Ulaya mwaka 2024, na kwa mchezaji wa pwani ya Afrika Mashariki ni vyema kuijaribu hiyo kabla ya ile ya Amerika.

Hatua ya tatu: Ingia dukani kabla hujaingia vitani

Hapa ndipo pa kutumia muda. Fungua duka la gemu, au tafuta picha zake, usome kila kinachouzwa huku ukijiuliza kinagusa nini. Guild Wars 2 inauza zaidi mavazi, nafasi za mizigo na masimulizi mapya. Leveli ya mwisho imebaki 80 tangu mwaka 2012, kwa hiyo aliyeondoka miaka mitatu hakuti silaha zake zimegeuka vyuma chakavu. Hilo ni duka ninaloweza kulipita bila kuumia.

Sasa linganisha na mfumo wa kunoa silaha ulio katika Lost Ark. Unakusanya malighafi, unajaribu kuipandisha silaha daraja, na jaribio linaweza kushindwa, malighafi ikaisha, nawe ukaanza kukusanya tena. Kila ukishindwa, pipa fulani hujaa kidogo mpaka siku moja ufanikiwe kwa lazima. Mapambano yenyewe ya Lost Ark ni mazuri, na siwezi kuwanyima haki yao. Ila mlango wa kuyafikia una bahati nasibu, na fedha hununua tiketi nyingi zaidi za bahati nasibu hiyo. Mchezaji asipoangalia ataanza kuiita bahati yake mbaya kuwa ni ugumu wa gemu.

Bahati yenyewe inaweza kuwa si ya haki. Mwezi Januari 2024 tume ya biashara ya haki ya Korea Kusini iliitoza kampuni ya Nexon faini ya takribani woni bilioni 11.6, baada ya kubaini kwamba katika MapleStory uwezekano wa kupata sifa fulani za silaha na mavazi kutoka kwenye michemraba ya bahati inayouzwa kwa pesa ulikuwa umepunguzwa bila wachezaji kuambiwa, na baadhi ya michanganyiko iliyotamaniwa sana ilikuwa imewekewa uwezekano wa sifuri. Mwezi Machi mwaka huohuo sheria ya nchi hiyo ikaanza kuzilazimisha kampuni kutangaza uwezekano huo. Ubelgiji ilikuwa imeshachukua njia kali zaidi mwaka 2018 kwa kuyahesabu masanduku ya bahati yanayolipiwa kuwa ni kamari, na Lost Ark ilipotolewa katika nchi za Magharibi mwaka 2022 haikupelekwa Ubelgiji wala Uholanzi.

Hatua ya nne: Cheza sehemu ya bure mpaka ugonge ukuta

Usilipe siku ya kwanza. Final Fantasy XIV inaruhusu majaribio hadi leveli 70 bila kikomo cha siku, ingawa akaunti ya majaribio haiwezi kutumia soko la wachezaji, na ukishanunua gemu huwezi kuirudisha akaunti hiyo kwenye majaribio. Old School RuneScape inakupa stadi 15 na sehemu ya ramani. EVE ina daraja la Alfa, la bure tangu mwaka 2016, lenye mipaka ya ujuzi na aina za meli. Cheza mpaka pale mahali panapokushinda, halafu chunguza nini kimekushinda: ni adui, ni mpaka wa akaunti ya bure, au ni muda uliowekwa makusudi ili uchoke? Mpaka uliotangazwa waziwazi sioni tatizo nao. Ule wa tatu ndio wa kuukimbia.

Hatua ya tano: Tafuta watu

Gemu hizi hazichezeki vizuri peke yako, hivyo jiunge mapema na chama, yaani kikundi cha wachezaji ndani ya gemu, uwaulize wanacheza saa ngapi. Chama kizuri kinachokutana saa tisa usiku wa Nairobi hakitakufaa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi nina simu tu, sina kompyuta. Je, hizi ngumu zote ni za wenye kompyuta?

Jibu: Marahaba. Hapana. Old School RuneScape ilikuja kwenye simu mwaka 2018 na Albion mwaka 2021, na katika zote mbili akaunti na dunia ni zilezile za wenye kompyuta, hukutengewa uwanja wa watoto. Ninakushauri uanze na ya kwanza, kwa sababu ya yale mapigo ya sekunde 0.6 niliyoyaeleza na kwa sababu haili data nyingi. Kwenye Albion, vita vya watu wengi huilemea simu dhaifu, na kufa kwa sababu ya simu kuganda ukiwa umevaa mali yako yote kunauma sana.

Swali: Ndugu, nakupinga kidogo. Usajili wa dola kama 15 kwa mwezi ni pesa nyingi kwa mwanafunzi, na hata mwenye nazo anaweza kukosa kadi ya kulipia. Kama si gemu za bure, wengi wetu tusingecheza chochote. Mbona unazisema vibaya?

Jibu: Hoja yako ni nzito na siipuuzi. Historia iko upande wako pia: Dungeons & Dragons Online mwaka 2009 na The Lord of the Rings Online mwaka 2010 ziliacha kutegemea usajili peke yake, na watu ambao wasingeingia kamwe wakaingia. Suala la kadi limepungua makali tangu huduma kama M-Pesa zianze kutoa kadi za mtandaoni, ingawa bei ya dola haijapungua. Ninachopinga ni kampuni kuharibu mchezo kwa makusudi ili iuze dawa yake. Albion ni ya bure tangu 2019, na asiyelipa anapanda polepole zaidi, lakini mali anayoipigania imetengenezwa na wachezaji, na mwenye premiamu (akaunti ya kulipia) akiingia eneo jeusi bila akili atavuliwa kama mtu mwingine yeyote.

Swali: Sasa kununua dhahabu ya gemu kwa njia halali, kama PLEX ya EVE au bondi za RuneScape (tiketi za uanachama zinazouzwa kwa pesa halisi), si kulipa ili ushinde?

Jibu: Kwa sehemu ni hivyo, na anayekataa kabisa anajidanganya. Mmoja anatoa pesa halisi ananunua bondi, anaiuza kwa dhahabu. Mwingine anatoa dhahabu aliyoichuma kwa saa nyingi, anapata uanachama bila kutoa shilingi. Mwanafunzi wa swali lililotangulia ndiye anayefaidika na upande wa pili wa biashara hiyo. Kwa maoni yangu EVE ilikwenda mbali zaidi mwaka 2016 iliporuhusu ujuzi unyonywe kutoka kwa mhusika mmoja na kuuzwa kwa mwingine, kwa sababu ujuzi ulikuwa ni muda, na muda ndio uliokuwa sawa kwa wote. Hata hivyo mgeni mwenye meli kubwa iliyolipiwa hulipuliwa na wenyeji wenye meli ndogo, na wanamshukuru kwa mchango wake.

Swali: Dada, mimi sipendi soko wala kununua kwa watu. Nifanyeje?

Jibu: Fungua akaunti ya Ironman katika Old School RuneScape, aina iliyoongezwa mwaka 2014. Ukiacha bondi, huwezi kununua, kuuza wala kupewa kitu na mchezaji mwingine. Kila ulicho nacho umekichuma mwenyewe. Bondi itakulipia uanachama tu, haitakupa dhahabu. Fanya uamuzi huo unapomtengeneza mhusika, kwa sababu akaunti ya kawaida iliyokwisha kucheza haigeuzwi kuwa Ironman.